Jini wa Aladini kasema "hapendi" kufufua watu. Binti yangu ananiuliza, nimjibu nini?

FundiFriji_Tanga

Habari zenu wakuu. Nakuja na habari ya muvi ya watoto, ila humu ndani kwangu imeshavuka utoto, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Nina binti wa miaka 7. Mama yake alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka jana. Tunaishi watatu, mimi, yeye na mama yangu mzazi. Kazi yangu ni ufundi wa friji na feni, lakini kabla ya hapo nilikuwa hotelini Zanzibar, na Kiingereza changu nilikiokota huko.

Wiki tatu zilizopita nilipeleka flashi kwa kijana anayeuza muvi, akaniwekea Aladini ile ya katuni, ya 1992. Binti hajui Kiingereza, kwa hiyo mtafsiri ni mimi. Tunakaa mkekani, wao wakisema lao nami nasema langu, na nikichelewa ananigusa goti. Tukafika pale Jini wa bluu anapotoka kwenye taa na kumpa Aladini maombi matatu. Kabla Aladini hajaomba chochote, Jini anamtajia mambo asiyoyafanya. Haui mtu. Hamfanyi mtu ampende mtu. Na harudishi waliokufa.

Nilikuwa natafsiri mdomo ukitangulia akili. Lile la tatu nalo likanitoka kama lilivyo: "Siwezi kuwarudisha waliokufa. Si jambo zuri kulitazama. Sipendi kulifanya!" Na hapo Jini kajigeuza sura ya maiti.

Binti akasema, "Baba, rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu akanitazama mimi, hakuitazama tena tivii.

"Kasema hapendi."

"Kasema hawezi, mwanangu. Halafu ndiyo akasema hapendi."

"Kama hawezi, amejuaje kwamba hapendi?"

Jamani, mimi ni mtu mzima, na nilikaa pale na rimoti mkononi nisijue la kusema. Nikamwambia tuendelee, muvi inapita.

Juzi nikawa nakagua daftari lake la hesabu. Ukurasa wa nyuma kabisa nikakuta ameandika kwa penseli, kwa kukandamiza mpaka alama zimetokea upande wa pili:

1. jini apede kufufuwa
2. mama arudi nyubani
3. jini aachiwe huru

Nikamwita, nikamuuliza taratibu hii ni nini. Akanieleza bila wasiwasi, kama mtu aliyeipigia hesabu siku nyingi. Ombi la kwanza ni Jini aanze kupenda hiyo kazi asiyoipenda. La pili ndiyo mama. La tatu amwachie huru, kama Aladini alivyofanya mwishoni, ili Jini asibaki na kinyongo kwamba alilazimishwa. Nikajaribu kumkumbusha kwamba Jini hawezi kumfanya mtu apende. Akanijibu kwamba ile ni kupenda mtu, hii ni kupenda kazi.

Akaongeza na ushahidi. Mnakumbuka Aladini anapofungwa na kutupwa baharini? Anazama mpaka chini, macho yamefumba, Jini anamtoa na kuhesabu lile kuwa ombi la pili. Kwa binti yangu Aladini pale alikuwa ameshakufa. "Si alimrudisha?" Nikamwambia alizirai tu. Akaniuliza kuzirai na kufa vina tofauti gani. Nikaanza kueleza, sauti ikanikatika, nikasingizia kuna friji la mteja linanisubiri.

Bibi yake anataka flashi ifutwe leo hii. Anasema majini hayaitwi kwa mchezo ndani ya nyumba iliyotoka kwenye msiba. Sibishani na mama yangu. Lakini hata nikifuta flashi, daftari nitalifanyaje?

Nimwambie nini mtoto huyu? Nisaidieni, hasa mliowahi kupitia.

Mpemba_wa_Wete

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mkeo. Mimi nipo na bibi. Futa. Mtoto ana huzuni, halafu anaonyeshwa jini rafiki anayegawa maombi, unategemea nini? Mtafutie katuni za wanyama.

MwalimuWaLaPili

Pole baba. Mimi nafundisha darasa la pili Morogoro mwaka wa kumi na moja sasa. Kabla sijasema la kwangu nina swali moja, na nakuomba unijibu kwa ukweli. Siku ile ya msiba, huyo mtoto aliambiwa nini? Simaanishi jambo lenyewe. Nataka maneno, yale yale yaliyotumika.

FundiFriji_Tanga

Mwalimu, umenigusa penye kidonda.

Mimi sikumwambia kitu. Nilikuwa sijiwezi. Wanawake waliokuwa ndani walimwambia mama amelala. Baadaye dada yangu akamwambia mama amesafiri, amekwenda kwa Mungu. Jeneza lilipotoka yeye alikuwa mlangoni kwa jirani, amebebwa. Aliona wanaume wanaondoka nalo, na mimi nikiwa mmoja wao. Kisha akaniona narudi mikono mitupu. Makaburini hajawahi kufika.

Yeye hakuwahi kuuliza. Nikajua ameelewa.

MwalimuWaLaPili

Asante kwa kusema. Ngoja sasa nikuambie ninavyoona mimi.

Tatizo halikuanza kwa Jini. Ameambiwa amelala, na aliyelala huamka. Ameambiwa amesafiri, na msafiri hurudi. Kwa mwaka mzima amekuwa akisubiri kwa adabu. Sasa katokea mtu kwenye tivii amesema kuna wanaoweza kurudishwa, ila anayerudisha hapendi. Kwake yeye hiyo ndiyo sababu ya kwanza yenye akili aliyoisikia ya kwa nini mama amechelewa.

Nilikuwa na mvulana darasani, baba yake alikufa, nyumbani wakamwambia amesafiri. Shule yetu iko kando ya barabara kuu. Kila basi likipunguza mwendo yule mtoto alisimama dirishani. Nilimgombeza mara mbili kabla sijajua, na mpaka leo naumia kwa mara zile mbili.

Umri wa miaka 7 ndio watoto wengi wanaanza kushika kwamba aliyekufa harudi, na kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi. Wanaanza tu, hawajamaliza. Wanahitaji neno lenyewe. Mwambie "mama alikufa". Usitumie kulala wala kusafiri, na hata neno "ametutoka" liache kwanza. Mweleze kufa ni nini: hapumui, hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi. Mweleze mlimpeleka wapi ile siku na mlifanya nini huko, kwa sababu yeye aliona mnaondoka tu. Akiuliza swali gumu, mjibu hilo hilo, usimjibu jingine. Na ukilia mbele yake si aibu. Ukikimbilia friji la mteja anajifunza kwamba habari ya mama inamfukuza baba.

Samahani kama nimekuwa mkali.

FundiFriji_Tanga

Hujawa mkali mwalimu. Nimesoma mara tatu.

Shangazi_Mvita

Mwanangu, pole kwa kufiwa. Mimi nakuandikia kutoka Mombasa, Old Town, na wajukuu ninao hapa. Huyo mtoto ana akili, Mungu amkuze.

Bibi yake anachokiogopa nakijua, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini mtoto ameshalisikia jina la jini, na hata ukifuta hiyo flashi atalisikia mtaani. Afadhali alisikie kwako vizuri. Kaa naye umsomee kisa cha Nabii Sulaiman, kimo ndani ya Surat Sabaa, sura ya 34 ya Kurani. Majini walikuwa wakimtumikia kwa amri ya Mungu, wakimjengea majengo makubwa, wakimfanyia masinia mapana kama mahodhi, na masufuria yasiyohamishika. Basi Sulaiman akafa amesimama, ameegemea fimbo yake. Na majini wakaendelea na kazi! Wanamwona yule pale, wanadhani anawasimamia. Hakuna aliyejua. Mpaka mchwa akaitafuna ile fimbo kidogo kidogo, Sulaiman akaanguka, ndipo wakatambua kwamba mtu amekufa kitambo.

Mwambie binti: majini wenyewe, wenye nguvu zote hizo, mauti yalikuwa mbele ya macho yao na hawakuyatambua. Watayaondoaje? Jini hakatai kwa kutopenda. Hilo halimo mikononi mwake, ni la Mungu peke yake.

Na bibi umshirikishe. Mpe yeye asimulie, kisa hiki atakuwa anakijua kuliko wewe.

VitabuVyaMtumba

Kaka, pole sana. Nauza vitabu vya mtumba hapa Dar, chini kwenye turubai, na Aladini ni hadithi ninayoipenda tangu niko mdogo. Naomba niseme kidogo kuhusu hadithi yenyewe, labda utapata cha kumpa mtoto.

Hiyo Aladini ya katuni imepunguzwa mtu. Kwenye hadithi ya zamani, Aladini ana mama. Ni mtu mkubwa mle ndani, si wa kupita tu. Hadithi yenyewe iliingia kwenye Alfu Lela Ulela kwa njia ya pembeni: Mfaransa Antoine Galland aliipata Paris mwaka 1709 kwa msimulizi kutoka Aleppo, Hanna Diyab, akaichapisha 1712. Humo Aladini ni mtoto wa fundi cherehani aitwaye Mustafa. Baba anakufa mapema kabisa, mama anabaki anasokota pamba wapate kula.

Sasa taa. Aladini anairudisha nyumbani bila kujua ni nini. Hakuna chakula. Wanaamua waiuze, na kwa kuwa ni chafu, mama ndiye anayeanza kuisugua kwa mchanga na maji. Jini anamtokea mama! Anaanguka chini, amezirai. Aladini anaidaka taa na kitu cha kwanza anachosema ni kwamba ana njaa. Linakuja sinia kubwa la fedha na sahani 12 za vyakula. Mama alipozinduka akala naye, halafu akamwambia mwanawe kitupe kitu hicho, mimi na majini hatutaki kujuana. Bibi wa Tanga mtupu. Na baadaye ni huyo huyo mama anayebeba vito kwenda kwa Sultani kumposea mwanawe, anakwenda siku baada ya siku, anasimama barazani mpaka wanamwita.

Mle hakuna maombi matatu. Hakuna idadi. Aladini angeweza kuomba asubuhi mpaka jioni maisha yake yote. Na bado hakuna mahali anapomwomba jini amrudishie baba yake Mustafa. Nimeisoma mara nyingi, sijapaona. Tena jini wa taa ana yake anayoyakataa: siku anapoombwa yai la ndege Rukh litundikwe ukumbini, anapiga ukelele wa hasira mpaka jumba linatikisika. Na jini wa pete anapoombwa alirudishe jumba lililoibwa, anasema wazi hilo si lake, hana uwezo nalo. Wanayo mipaka.

Hata hao wa katuni, mwanzoni walikuwa na mama. Aliyeleta wazo la filamu mwaka 1988 na kuanza kutunga maneno ya nyimbo ni Howard Ashman. Alitunga wimbo mmoja wa Aladini akimwahidi mama yake kwamba atajirekebisha na atamfanya aone fahari. Kisha hadithi ikaandikwa upya, mama akaondolewa, na wimbo ukaondoka naye. Ashman mwenyewe aliugua ukimwi, akafariki Machi 1991 akiwa na miaka 40, na filamu ikatoka Novemba 1992. Wimbo ule Jini anaojitambulisha nao, wenye shangwe yote ile, maneno yake ni ya mtu ambaye hakuiona filamu ikiisha. Na Robin Williams aliyempa Jini sauti alifariki 2014.

Nayasema haya si kumwongezea mtoto vifo. Nayasema kwako, kwa sababu umekaa na ile rimoti ukadhani wewe ndiye mwenye huzuni peke yako katika muvi ya kuchekesha. Mtoto msimulie tu ya mama na taa.

Mpemba_wa_Wete

Nimesoma majibu yote. Kile kisa cha fimbo nilikisahau kabisa. Nami nakirudisha nyuma kile nilichosema cha kufuta. Tujulishe itakavyokuwa.

FundiFriji_Tanga

Ndugu zangu, zimepita siku 9. Naleta mrejesho kwa sababu mlinibeba.

Nilianza kwa kumwomba mama yangu asimulie kisa cha Nabii Sulaiman. Akasimulia Alhamisi usiku, kitandani, mimi nimekaa kizingitini. Anasimulia vizuri kuliko nilivyokumbuka. Pale pa mchwa akawa anakwaruza ukuta kwa ukucha, krr, krr, taratibu. Binti kanyamaza kabisa. Fimbo ilipovunjika akauliza, "Na majini wote hawakujua?" Bibi akamwambia hata mmoja.

Ndipo nikaingia nikakaa. Nikasema kama mwalimu alivyonielekeza. Mama alikufa. Hakulala, hakusafiri. Tulikosea kukuambia vile. Nikamweleza ile siku: tulimbeba mimi na wajomba zako, tukashika zamu njia nzima, tukamwingiza kaburini mimi nikiwa chini nampokea, tukamlaza ubavu wa kulia, tukaweka mbao, tukafukia. Nilikuwa sijawahi kuyasema haya kwa mtu yeyote.

Akakaa kimya. Halafu akauliza:

"Na kule kwa mama kuna mchwa?"

Wakuu, neno "hakuna" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikakumbuka, swali gumu lijibu hilo hilo. Nikamwambia wapo, ardhi yote ina mchwa.

"Wanamuuma?"

Nikamwambia aliyekufa haumwi. Hakuna kinachomuuma tena, hata kile kichwa kilichokuwa kinamsumbua.

Akalia. Si kile kilio cha kuanguka au cha kunyang'anywa kitu. Nililia naye. Bibi akamvutia kifuani akawa anampapasa mgongo, hakusema kitu, mpaka akapata usingizi.

Jumamosi asubuhi tukaenda makaburini sisi watatu. Mke wangu alikuwa na mrehani kwenye kopo la rangi, uko hapo mlangoni mpaka leo. Binti akachagua tawi, tukalipanda upande wa kichwani. Maji alibeba yeye mwenyewe kwenye chupa ya lita moja na nusu, hakutaka nimpokee. Akauliza kichwa kiko huku? Nikamwambia huku. Akamwagilia.

Jioni yake nikamsimulia ile ya mama wa Aladini, kaka wa vitabu. Akacheka sana pale mama anaposugua taa halafu jini anamtokea yeye. Kisha akakatisha kicheko.

"Aliamka?"

"Aliamka. Akala."

"Kwa hiyo alizirai tu."

"Alizirai tu."

"Kama Aladini kule kwenye maji."

Nikamwambia ndiyo, kama Aladini kwenye maji. Akaridhika, akataka kujua kwenye zile sahani 12 kulikuwa na chakula gani. Bibi akaanza kutaja vya kwake, pilau, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, wakawa wanabishana wao.

Jana usiku nimekagua hesabu. Amepata 8 kwa 10. Nikafungua ukurasa wa nyuma. Namba moja na namba mbili amezifuta kwa ufutio, na ile ya pili ameifuta sana mpaka karatasi imetoboka. Ya tatu ameiacha. Nilipomuuliza akasema Jini amekaa kwenye taa miaka elfu kumi, kwa hiyo hata kama hawezi kitu, aachiwe tu aende.